UZI: Kabla hujamwambia mteja "subiri dakika 22", tuelewane kuhusu kasi za IDE, SCSI, SATA na USB

#1 – Mleta uzi

Wadau, hamjambo.

Uzi huu ni wa yeyote anayetoa data kwenye mashine za zamani. IDE, SCSI, SATA na USB ni aina za violesura, yaani njia za kuunganisha diski na kompyuta. Mimi nina meza ya ufundi ghorofani, hatua chache kutoka Luthuli Avenue, na siku hizi kazi inayonipa ugali ni diski za kale: watu wanaleta kompyuta iliyokaa stoo miaka 15 na ndani yake kuna hesabu za duka, picha za harusi au barua za marehemu baba. Wote huuliza swali moja, "Itachukua muda gani?" Kulijibu vizuri ni sehemu ya heshima ya kazi hii.

Nianze na kosa langu. Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliniletea diski ya IDE ya GB 80. Akauliza, "Kijana, nisubiri ama niende?" Nikachukua adapta ya kugeuza IDE kuwa USB, pembeni imeandikwa 480. Nikagawa kwa 8, nikapata 60. Diski ni megabaiti 80,000, gawa kwa 60 ni sekunde 1,333, yaani dakika 22. Nikamwambia, "Mama, kunywa chai hapo chini, dakika 22 tu."

Dakika 22 zikaisha. Kunakili hakujafika hata asilimia 2.

Mashine niliyokuwa nikinakilia ilikuwa na Windows XP ile ya mwanzo kabisa, iliyotoka bila draiva za USB 2.0, zililetwa baadaye na Service Pack 1 ya mwaka 2002. Kwa hivyo tundu likarudi kwenye mwendo wa USB 1.1, megabiti 12 kwa sekunde, na faili zikawa zinapita kama megabaiti 1 kila sekunde. Sasa piga hesabu: megabaiti 80,000 kwa 1 ni sekunde 80,000, ambazo ni saa 22. Nambari ni ileile 22, ila dakika zimegeuka saa. Mama alipanda ngazi mara tatu siku hiyo. Mara ya tatu hakuuliza kitu, alikaa kwenye stuli akiutazama ule mstari wa kijani usiosonga, mkoba mapajani. Ile picha haijanitoka, na ndiyo iliyonifanya nikae chini nijifunze hizi hesabu vizuri.

Nilichojifunza ni hiki: nambari iliyobandikwa kwenye kifaa ni kasi ya waya. Kasi ya faili za mteja ni nyingine, na ili uipate lazima ujue kila baiti inatumia biti ngapi njiani, kisha utafute mahali njia inapokuwa nyembamba zaidi.

Kwanza herufi. b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti, na baiti moja ni biti 8. Mb/s na MB/s zimepishana mara nane, na kuna matangazo ya bei huku mjini yanayoziandika ovyoovyo. Violesura vya sambamba, yaani IDE na SCSI za zamani, vimezoea kutajwa kwa megabaiti. Vya mfululizo, yaani SATA na USB, hutajwa kwa megabiti au gigabiti. Ukilinganisha 133 ya IDE na 480 ya USB bila kutazama herufi, utadhani USB ni mara tatu na zaidi. Ukweli ni kwamba 480 ikigawanywa kwa 8 ni 60, chini ya nusu ya ile 133.

Pili, vya sambamba. Hapa hesabu ni tamu kwa sababu unaweza kuiona kwa macho: upana wa njia mara idadi ya safari. IDE hubeba biti 16 kwa mpigo, yaani baiti 2. Muda wa safari moja hupimwa kwa nanosekunde. Kwa hivyo chukua 2,000, gawa kwa nanosekunde za safari moja, jibu ni MB/s. PIO ni mtindo wa zamani wa IDE wa kuhamisha data, na mode ni ngazi zake za kasi. PIO mode 0 ina nanosekunde 600: 2,000 kwa 600 ni 3.3. PIO mode 4 ina 120, hivyo 16.7. Ultra DMA, mtindo wa IDE uliofuata, ilileta ujanja wa kusafirisha mara mbili katika kila mpigo wa saa, mpigo unapopanda na unaposhuka. Mode 2 inabaki na mpigo wa nanosekunde 120, lakini safari ni kila 60, kwa hivyo 33.3. Mode 4 ni kila 30, ndiyo 66.7. Mode 5 ni kila 20, ndiyo 100. Mode 6 ni kila 15, ndiyo 133. Mkishajua hiyo 2,000 hamhitaji kubeba jedwali lolote kichwani.

SCSI ni rahisi zaidi. Ile nyembamba ina biti 8, yaani baiti moja kwa safari, kwa hivyo megahezi ndiyo megabaiti: ya mwanzo 5, Fast 10, Ultra 20. Ikipanuliwa kuwa biti 16 unazidisha kwa 2: Fast Wide 20, Ultra Wide 40, Ultra2 Wide 80.

Tatu, SATA, na hapa ndipo wengi wanateleza. SATA ya kwanza ni gigabiti 1.5 kwa sekunde. Ukigawa kwa 8 unapata 187.5, na hakuna popote utakapoiona hiyo nambari ikifanya kazi. SATA hugeuza kila biti 8 za data kuwa biti 10 za waya, ili upande wa pili usipoteze mapigo na umeme wa waya ukae sawa. Ni kama gari lenye watu kumi, wanane wamelipa nauli, wawili ni dereva na makanga. Lazima wawemo, lakini hawahesabiwi kwenye mapato. Kwa hivyo SATA gawa kwa 10: 1.5 ni MB 150, 3 ni MB 300, 6 ni MB 600.

Diski ya mama wa hardware ilikamilika kesho yake, na sikumtoza. Maswali karibuni.

#2 – Mdau, Kasarani

Fundi asante sana. Hapo kwa 187.5 umenishika mkono, nimekuwa nikiwaambia wanafunzi wangu hivyo miaka miwili. Kesho narudi darasani kurekebisha.

Swali dogo: je, ile GB 80 ni GB 80 kweli? Kompyuta yangu huonyesha 74.5.

#3 – Mleta uzi

Mwalimu, ni 80 kweli. Mtengenezaji anahesabu gigabaiti kuwa baiti 1,000,000,000. Windows inahesabu 1,073,741,824, ambayo ni 1,024 mara 1,024 mara 1,024, halafu inaandika GB ileile. Gawa 80 kwa 1.0737 utapata 74.5. Hicho kipimo cha 1,024 kina jina lake tangu 1998, GiB, lakini Windows haijakubali kulitumia.

Kwenye kasi, jambo hili linauma polepole. Programu ikikuonyesha 28.6, ikiwa inahesabu kwa 1,048,576, hiyo ni MB 30 za kawaida. Chukua diski kwa kipimo kimoja na kasi kwa kingine na utakosea dakika kadhaa kwa GB 80. Ukichagua kipimo, kaa nacho mpaka mwisho wa hesabu.

#4 – Mdau, Ngara

Mkubwa kwa heshima, umeacha kitu. Kama SATA ni kugawa kwa 10, USB pia ni kugawa kwa 10, kwa hivyo 480 ni MB 48 na si 60. Ndiyo maana watu hawafiki 60. Rekebisha post ya kwanza.

#5 – Mdau, South B

Ndugu wa Ngara, jibu lako liko karibu na ukweli lakini umefika kwa njia isiyo yake. Nimefanya kazi na vifaa vya USB muda mrefu, wacha nieleze.

USB 2.0 haina 8 kwa 10. Yenyewe hupachika biti: zikipita biti sita za 1 mfululizo, biti moja ya 0 inaongezwa ili mapigo yasipotee. Kwa hivyo gharama inategemea data yenyewe, na kwa kawaida ni ndogo. Kinachokula kasi ni pakiti. Sekunde moja imekatwa vipande 8,000. Kwa kazi ya kunakili, kila kipande kinaingiza pakiti 13 za baiti 512, hazizidi hapo. Zidisha: 13 mara 512 mara 8,000 ni baiti 53,248,000. MB 53 ndiyo dari ya kweli. Kisha toa muda wa adapta kufikiri na mazungumzo ya amri na majibu, utakuta 30 hadi 40 mikononi mwako.

Ile ya USB 1.1 ni vilevile: vipande 1,000 kwa sekunde, pakiti 19 za baiti 64, jumla baiti 1,216,000. Mleta uzi aliposema MB 1 alisema kweli kabisa.

Kugawa kwa 10 kunarudi kwenye USB 3.0: gigabiti 5 ni MB 500.

#6 – Mleta uzi

Nashukuru kaka. Hiyo 53 sikuwa nayo, nilikuwa najua tu kwamba 60 haifikiki. Basi GB 80 kwa USB 2.0 iliyo nzima, nachukua MB 30: sekunde 2,667, dakika 44. Hilo ndilo jibu nililopaswa kumpa mama, tena baada ya kuangalia tundu.

Ndugu wa Ngara usivunjike moyo. Kuna mahali pengine pa kugawa kwa 10 ambapo wazee wa modemu wanapajua: laini ya mfululizo ya biti 9,600 kwa sekunde. Kila baiti ina biti ya kuanza na biti ya kumaliza, kwa hivyo ni baiti 960 kwa sekunde.

#7 – Mdau, Umoja

Hamjambo kaka zangu. Mimi si fundi, ni mwanakwaya. Mwalimu wetu wa kwaya alifariki akaacha flopi 60 za inchi tatu na nusu, noti zote za nyimbo alizotunga ziko humo. Nimeazima kisomaji cha flopi cha USB. Naweza kumaliza Jumamosi moja? Na je, niwe na kisomaji chenye kasi zaidi?

#8 – Mleta uzi

Dada, pole kwa msiba, na hongera kwa kuzitunza. Jibu la swali la pili kwanza: usinunue kingine, kasi iko kwenye flopi yenyewe.

Flopi ya 1.44 inazunguka mara 300 kwa dakika, yaani mara 5 kwa sekunde. Kila mzunguko, njia moja, yaani duara moja la data, yenye sekta (vipande) 18 inapita chini ya kichwa cha kusoma, na kila sekta ni baiti 512. Zidisha 18 kwa 512 kwa 5, upate baiti 46,080 kwa sekunde. Vitabu vinaandika kilobiti 500, ambazo ni kilobaiti 62.5, lakini sehemu yake inaliwa na alama za kutenganisha sekta. Hapo hata USB 1.1 inakungoja wewe.

Flopi nzima ina njia 80 kila upande, jumla 160, kila moja ikitaka mzunguko mmoja wa sekunde 0.2. Hiyo ni sekunde 32. Flopi 60 ni dakika 32 za kusoma tupu. Ongeza muda wa kichwa kuhama, kutoa na kutia, na kuandika majina. Jumamosi asubuhi inatosha kama flopi ni nzima.

Ila sikiliza. Kabla ya kuiingiza, sukuma kile kifuniko cha chuma kwa kidole, zungusha kitovu polepole na utazame utando kwenye mwanga. Ukiona madoa meupe kama vumbi la unga, hiyo ni kuvu. Usiiingize, itakwaruza kichwa na kuharibu zinazofuata. Iweke kando, niletee, hiyo sitakutoza. Na flopi ikianza kukwaruza kwa sauti, itoe mara moja, usiiache ijaribu tena na tena.

Kwa wengine: hilo jina "1.44" lenyewe limechanganya vipimo. Ni 1,440 mara 1,024, baiti 1,474,560. Megabaiti ya aina hiyo nusu ni ya elfu na nusu ni ya 1,024.

#9 – Mdau, Rongai

Nimenunua diski mbili za SCSI zilizotolewa kwenye seva, Ultra160, na kadi ya PCI. Muuzaji anasema zikiwa mbili napata 320. Nimezipima pamoja, hazifiki hata 133. Nimeibiwa?

#10 – Mdau, South B

Hujaibiwa kwenye diski, umedanganywa kwenye hesabu. Ultra160 ni biti 16, megahezi 40, safari mbili kwa kila mpigo: 2 mara 40 mara 2 ni 160. Lakini hiyo 160 ni ya njia nzima, na kila diski iliyo kwenye kebo hiyo inaigawana. Ukiongeza diski, njia haipanuki.

Halafu kadi yako. PCI, ile njia ya kuchomeka kadi kwenye bodi, ya kawaida ni biti 32, baiti 4, kwa megahezi 33.3. Ni 133, tena inagawanywa na kadi zingine zote kwenye bodi. Ukitaka kuiona 160, tafuta bodi ya seva yenye PCI ndefu ya biti 64. Na hata hapo, diski moja ya enzi hizo haiwezi kutoa 160 kutoka kwenye sahani zake za ndani zinazozunguka. Nambari ya kiolesura ni upana wa mlango, haisemi nani anapita.

#11 – Mleta uzi

Hapo kwa sahani niongeze, maana watu huniletea diski wakidhani inakufa. Diski inazunguka kwa mwendo uleule, lakini njia za ukingoni ni ndefu na zina sekta nyingi kuliko za ndani. Kwa hivyo kunakili diski nzima huanza kwa kasi na kushuka taratibu, na mwishoni inaweza kuwa karibu nusu ya ilivyoanza. Kushuka taratibu ni kawaida. Kusimama ghafla kisha kuendelea, tena na tena, hapo ndipo uanze kuogopa.

Zile za kale zaidi, za aina ya ST-506 ya 1980, zilikuwa na sekta sawa kila njia, kwa hivyo kasi haikushuka. Megabiti 5 kwa sekunde, kilobaiti 625 kwenye karatasi. Kwa sekta 17 za baiti 512 na mizunguko 60 kwa sekunde, ni baiti 522,240. Nimewahi kushika moja tu, nzito kama jiwe la kusagia.

#12 – Mdau, Githurai

Diski yangu ya IDE imeandikwa Ultra ATA/100, bodi pia inasema 100. Napata 29, 30, haipandi. Nimeweka Windows upya mara mbili. Nisaidieni.

#13 – Mleta uzi

Ungekuwa unapata 3 au 4 na kompyuta nzima inaganda, ningesema umeangukia PIO. Windows XP ina tabia hiyo: makosa ya mawasiliano yakifika sita inaanza kuteremsha mode, mpaka inaishia PIO, na hairudi juu yenyewe. Lakini 30 inayogoma hapo inanuka Ultra DMA mode 2, ile ya 33.

Fungua kasha uangalie kebo. Usitazame pini, ni 40 kwa zote. Tazama utepe. Kebo ya zamani ina nyaya 40, unaweza kuzihesabu kwa ukucha. Ile ya 80 ina nyuzi laini kama uzi wa kushonea, kwa sababu kati ya kila waya mbili za data wameweka wa ardhi ili zisisumbuane. Bila ya 80, bodi inakataa kupita 33. Ya 80 pia mara nyingi ina vichwa vya rangi: buluu kwenye bodi, nyeusi ncha ya pili kwa diski kuu, kijivu katikati. Isizidi sentimita 46 hivi.

Pia, kama unanakili kati ya diski mbili zilizo kwenye kebo moja, kusoma na kuandika vinapokezana njia. Zitenganishe.

#14 – Mdau, Umoja

Nimerudi na habari. Flopi 60, nimesoma 54. Nne zina zile doa nyeupe ulizosema, nimeziweka kando. Mbili zimekataa. Nilianza saa tatu asubuhi nikamaliza saa saba kasoro. Katika iliyokuwa haina jina nimepata wimbo ambao hakuna mtu kwaya nzima aliyewahi kuusikia. Tunaufanyia mazoezi Jumatano. Mungu akubariki kaka.

#15 – Mleta uzi

Dada, umenifurahisha sana. Lete hizo nne na hizo mbili pia, tutajaribu kwa kisomaji cha ndani.

#16 – Mdau, Githurai

Nimehesabu. Nyaya 40. Nimetafuta ya 80 mjini, kwenye kikapu cha kebo za kutupwa, shilingi mia. Sasa inaandika Ultra DMA mode 5, na kunakili kumeanza kwa 56. Hii ya 40 niitupe?

#17 – Mleta uzi

Usiitupe. Ifunge kwenye kisomaji chako cha sidii. Kasi ya 1x ni sekta 75 za baiti 2,048, yaani baiti 153,600 kwa sekunde, na 52x ni kama MB 8, tena huko ukingoni mwa sidii tu. Kwenye njia ya 33 hiyo inapita bila kugusana bega na mtu.